TAHARIRI: Kuzuiwa Mali Kabla ya Kusikilizwa

Tarehe 7 Novemba 2001, maafisa wa Marekani walivamia na kuzifunga ofisi za Al-Barakaat, kampuni ya Kisomali ya hawala. Mali zake zikazuiwa, na nchi nyingine zikafuata. Hapakuwa na kesi iliyosikilizwa kwanza. Kwa vile Somalia haikuwa na mfumo wa benki tangu serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991, walioonja adhabu ni akina mama waliokuwa wakingojea fedha za unga, dawa na karo kutoka kwa jamaa zao walioko ng'ambo. Mwaka 2004, watafiti wa tume ya Marekani yenyewe iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 walieleza kwamba uchunguzi haukuthibitisha tuhuma za kuufadhili ugaidi.

Ndugu Waislamu, yafaa tuelewe mambo haya yanavyoendeshwa. Msimamizi wa vikwazo hivyo ni Ofisi ya Udhibiti wa Mali za Kigeni, iliyo chini ya Wizara ya Fedha ya Marekani, iliyoanzishwa Desemba 1950 wakati wa vita vya Korea. Rais hutangaza hali ya dharura kwa sheria ya mwaka 1977, kisha majina huorodheshwa. Aliyeorodheshwa hupata habari baada ya mali kuzuiwa, kwa hoja kwamba akionywa mapema ataihamisha. Kampuni anayoimiliki kwa nusu au zaidi nayo huzuiwa, hata isipotajwa. Akitaka jina lifutwe, hupeleka maombi kwa ofisi ile ile iliyomwandika. Akienda mahakamani, serikali yaweza kumwonyesha jaji peke yake ushahidi wa siri. Mtu atajitetea vipi dhidi ya neno asilolisikia?

Hatusemi kwamba fedha za wauaji ziachwe. Waislamu wa Nairobi na Dar es Salaam nao walizika maiti zao Agosti 1998. Lakini Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu, na amri hiyo haikubagua raia na mtawala. Mfanyabiashara wa Saudia, Yassin Kadi, aliorodheshwa Oktoba 2001. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Septemba 2008 kwamba haki yake ya kujitetea ilivunjwa. Umoja wa Mataifa ukamfuta 2012, Marekani 2014. Miaka 13!

Ni kweli kwamba ofisi hiyo hutoa vibali vya jumla kwa chakula, dawa na misaada, na mwaka 2022 ilivipanua. Tatizo ni kwamba benki yaweza kutozwa faini hata kama haikujua kosa, hivyo huona nafuu kumfukuza mteja kuliko kumchunguza. Mwaka 2013 Barclays ya Uingereza ilitangaza kuzifungia akaunti kampuni nyingi za kutuma fedha, zikiwemo za Wasomali. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilisimamisha kampuni 13 za hawala kwa mpigo mmoja.

Kamati za misikiti zinazopeleka zaka na sadaka nje ya nchi zisingoje kuulizwa. Ziandike jina kamili la mpokeaji, kiasi na tarehe, watie saini watu wawili, na stakabadhi zihifadhiwe. Na wanasheria wetu wawaulize wabunge: mwananchi akizuiwa mali yake kwa orodha ya nje, atasikilizwa na nani, na kwa muda gani?