Mkia wa Ng'ombe Hauhitaji Vidonge

MAFIGA MATATU
Na Mama Riziki, Baraka

Jumamosi, kwenye sherehe ya mahari hapa Baraka, nilimwona binti akifungua karatasi ya paracetamol karibu na mafiga. Nilidhani kichwa kinamuuma, maana moshi ulikuwa mwingi. Nikainuka nimpe maji ya kunywa. Kumbe vidonge havikuwa vyake. Alivisaga kwa mgongo wa kijiko, karatasi nzima, akavimwaga kwenye sufuria ya mkia wa ng'ombe, akakoroga.

"Mwanangu, unaweka nini humo?"

"Mama, ni ya kulainisha. Mkia ni mgumu na wakwe wako njiani."

Niliitoa ile sufuria motoni nikaimwaga shimoni. Mbele ya shangazi zake, mbele ya wote. Kuna walioninunia mpaka leo, na waendelee kununa. Ningeikuta tena leo ningeimwaga tena.

Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kupita vidonge vinane kwa siku, mtoto ni chini sana ya hapo. Dawa hiyo ikizidi huharibu ini, na ini huharibika kimya kimya. Mtu anaweza kula, kucheka na kulala, kisha baada ya siku mbili macho yanaanza kuwa ya njano. Kuchemsha hakuiondoi. Sasa fikiria nani anakula kwenye mahari zetu: wazee, watoto wadogo, na mama mwenye malaria ambaye asubuhi alikwisha kumeza vidonge vyake kwa ajili ya homa. Nani alimuuliza kabla ya kumjazia sahani? Na vidonge hivyo si dawa ya kulainisha nyama. Kinacholainisha ni moto na saa zinazopita. Anayetaka msaada wa kweli achukue papai bichi, lipo kila ua hapa kwetu, apake utomvu wake kwenye nyama. Huo unavunja nyama kweli, wala kwa kawaida haumdhuru mlaji.

Mkia ni mgumu kwa sababu ng'ombe hautulizi tangu alfajiri hadi usiku. Ni vifupa vingi vilivyoshikwa na gegedu na kano. Ukiuchemsha kwa fujo, nyama inakauka huku kano bado zimekaza. Ukiupika kwa moto mdogo, kano zinayeyuka taratibu na kuwa ule ute unaonata midomoni. Hiyo ni kazi ya saa tatu, hata nne, na hakuna njia ya mkato.

Haraka hii tumeileta wenyewe, kwa sherehe ambazo ng'ombe anachinjwa saa nne na wageni wanataka kula saa sita. Najua pia kwamba wengi wetu tulijifunza kupika ukimbizini. Kambi ya Nyarugusu, huko Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996, na kizazi kizima kilikulia pale kikihesabu kila kijiti cha kuni. Mwanamke aliyetembea mbali akitafuta kuni kwa hofu ana haki ya kutaka chakula kiive upesi. Huyo simgombezi. Lakini binti wa Jumamosi alikuwa na kuni rundo zima.

Shemeji yangu, anayepuliza mbabula mpaka cheche zinaruka, ameniambia makala ni ghali mno kwa mkia. Shemeji, ni kinyume. Moto mkali ndio unaokula gunia. Kata mkia kwenye viungo kwa ncha ya kisu, usiupige panga, maana panga huacha vipande vya mfupa kwenye mchuzi. Kaanga vipande katika mawese mpaka viwe vya kahawia, weka kitunguu na nyanya, mimina maji ya moto. Ukishachemka, punguza makala, yaliyobaki uyafunike majivu, na juu ya mfuniko weka jiwe. Kisha nenda zako sokoni. Pilipili iingie nzima, chumvi iingie mwishoni, kwa sababu mchuzi unapungua na chumvi haipungui.

Ndugu zetu wa Minembwe, kule milimani, wavumilie zaidi. Sisi hapa tuko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, lenye kimo cha mita 773 juu ya bahari. Wao wako juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka kwenye joto dogo kuliko hapa, hivyo mkia unadai muda mrefu kuliko hapa. Huko ndiko walikotoka ng'ombe wengi tuliokula kwa miaka, na vita vya milima vimewapora wafugaji makundi kwa makundi. Ng'ombe anayefika Baraka leo amefika kwa shida. Kumharibia mkia kwa vidonge ni kutomheshimu aliyemlea.

Hata ugenini mkia haukuharakishwa. Huko Roma, wafanyakazi wa machinjio ya Testaccio waliuchukua mkia, nyama ya maskini, wakaupika kwa nyanya na seleri kwa saa nyingi. Leo ni fahari ya mji wao. Hawakuhitaji duka la dawa.

Akina mama mnaoandaa mahari mwezi huu, ng'ombe achinjwe alfajiri, na mkia uwe wa kwanza kuingia motoni. Mkimwona mpishi ana karatasi ya vidonge, mtoeni jikoni kabla hajafunua sufuria.