Kumcheka Nvouandou ni rahisi, tujicheke na sisi wenyewe

Siku ya Mungu iliyopita, hapa Katanika, tulikusanyika watu kama 40 katika sale moja ya video, ile ya mabati na viti virefu vya mbao. Wengi wetu ni wachimbaji wa sendika, wengine mabibi zetu, na watoto walipenya chini ya miguu kama kawaida. Groupe ya umeme ilipiga kelele kule inje. Tuliangalia filimu ya zamani, « La vie est belle ». Filimu yenyewe haifiki hata saa mbili. Lakini mabishano yake yalienda mpaka giza likaingia, na kesho yake yakaendelea sokoni. Juu ya mabishano yale njo tunaandika leo.

Kwa wale ambao hawaijui: ni filimu ya 1987, ilichezwa Kinshasa. Waliotengeneza ni wawili, Mwezé Ngangura, mtoto wa Bukavu, na Benoît Lamy, Mbelgiji. Papa Wemba anacheza Kourou, kijana mwanamuziki ambaye anatoka kijijini na kuingia mji mkubwa bila kitu mkononi. Anapata kazi ya boyi nyumbani kwa tajiri mmoja, Nvouandou. Tajiri yule ana nyumba, ana gari, ana bibi anayeitwa Mamou, lakini nguvu za kiume zimemtoroka. Anaenda kwa mufumu. Mufumu anamwambia: uoe msichana bikira, lakini usimguse kwanza kwa muda. Msichana ambaye anapatikana ni Kabibi. Na ni huyo huyo Kabibi ambaye boyi wake anampenda. Basi nyumba nzima inageuka: bwana anaficha, bibi wa kwanza anachunguza, bibi wa pili hana furaha, boyi anafagia huku moyo unaungua.

Tulicheka. Kusema hatukucheka ni uongo. Pepe Kalle alipoonekana na mwili wake mkubwa, sale yote ilipiga makofi. Wazee walimkumbuka, aliaga mwaka 1998. Na Papa Wemba pia, aliyeanguka jukwaani kule Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Lakini filimu ilipokwisha, kila mtu alitoka na yake.

Muzee mmoja, aliyefanya kazi ya shimo tangu tulipokuwa hatujazaliwa, alisimama wa kwanza. Alisema: « Ile filimu inatutukana. Mambo ya nyumba iko ya nyumba. Juu ya nini unaonesha batoto ginsi baba anashindwa na bibi yake? » Wazee wengine walitikisa kichwa pamoja naye. Kwao, mutu ambaye anatoa matatizo ya nyumba yake barazani amejivua nguo.

Vijana wakajibu kwa kelele. Wao waliona muziki, na ujanja wa Kourou. Mmoja alisema: « Muzee, ni kuchekesha tu. Mutu akirudi ku shimo na mugongo inauma, umuache acheke. »

Wachimbaji wengi wa umri wetu walikuwa na neno lingine. Sisi tuliona patro na mfanyakazi. Nvouandou ni yule mukubwa ambaye anadhani kila kitu kinanunuliwa: boyi, msichana, hata afya. Kourou ni sisi. Na mwishoni Kourou anashinda, anaimba, anampata Kabibi. Tulifurahi sana. Tulijiona tuko upande mzuri wa kicheko.

Hapo njo mama mmoja, mwenye kuuzisha ndagala ku port, aliinuka. Hakupandisha sauti. Alisema: « Ninyi bote munacheka Nvouandou. Nani hapa hana biro ya pili kule Manono? Nani hana kule Kisengo? Munajiita Kourou, lakini makuta ikiingia munakuwa nani? » Sale ilinyamaza. Wanaume wengine waliangalia viatu vyao. Mabibi ndio walicheka safari hii, na kicheko chao kilikuwa kikali kuliko kile cha filimu.

Wasomaji, sisi tunaandika wazi: mama yule alituweza.

Kazi yetu inatutoa nyumbani. Mutu anaondoka Kalemie kwenda kutafuta coltan au bati, anasema atarudi miezi mitatu. Miezi mitatu inakuwa mwaka. Kule anahitaji mutu wa kumpikia bukari, wa kumfulia nguo, wa kumtunza akipata homa. Haraka sana kuna nyumba nyingine, na nyuma yake kuna watoto. Yeye anaita ile « kujitafutia ». Bibi aliyebaki Katanika anaita ile ginsi anavyojua. Hatutaki kuhukumu ndugu zetu kama mapasta, maana wengine kati yetu tunaoandika hapa tuko ndani pia. Lakini tuache kusema ile ni filimu ya watu wa Kinshasa.

Kuna jambo ambalo watu wengi katika sale hawakulijua. Mwaka ule ule wa 1987 ambapo filimu ilitoka, inchi ilipata sheria kubwa ya familia, Code de la famille, ya tarehe 1 Agosti 1987. Sheria ile inasema ndoa ni ya bwana mmoja na bibi mmoja, na kila mmoja akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Kwa hiyo ndoa ya Nvouandou na Kabibi, na mali yote iliyotolewa, mbele ya sheria haikuwa ndoa. Lakini sheria ile ile, wakati ule, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe, na ilimlazimisha bibi aombe ruhusa ya bwana yake kwa mambo mengi. Ilibidi tungoje mpaka 2016 ndipo lile la ruhusa likaondolewa, na leo miaka ya kuoa ni 18 kwa wote wawili. Mamou wa 1987 alikuwa na haki nusu. Yule mama wa ndagala ana haki kamili kwenye karatasi. Nyumbani kwake, aulizwe mwenyewe.

Sasa tueleze kwa nini sisi wa sendika tunaingia mambo ya filimu. Si muda mrefu umepita, mwenzetu mmoja alifunikwa na udongo ndani ya shimo. Tulimleta nyumbani. Siku ya kilio walifika wamama wawili, kila mmoja na watoto wake, na kila mmoja akimlilia bwana yake. Kwenye kampuni kulikuwa na jina la bibi mmoja tu na watoto wake. Tulipokwenda kuuliza habari ya watoto wale wengine, tulijibiwa: hatuwajui. Na kwa kweli hawakuwajua, juu marehemu hakuwahi kuwaandikisha popote. Hawakuwa na karatasi, hawakuwa na baba. Tulitoa makuta ya caisse yetu, tukagawa mara mbili, na haikutosha hata upande mmoja. Watu walianza kutupiana maneno mbele ya maiti.

Ukiiangalia kwa mbali, ile ni « La vie est belle » kabisa: bwana anaficha, wanawake wawili, mambo yanafumuka. Tofauti ni kwamba kwetu mwisho hapakuwa na muziki.

Kwa hiyo kwa muzee wetu tunasema kwa heshima: baba, filimu haikuleta aibu, aibu ilikuwapo. Mtoto ambaye haoni mambo ya nyumba katika filimu atayaona siku ya kilio. Na kwa vijana tunasema: ndiyo, ni kuchekesha, lakini muangalie munacheka nani.

Hili la « kucheka nani » ni zito hapa kwetu. Filimu ile inamcheka mwenye nguvu. Boyi, msichana, bibi aliyedanganywa, wote wanapewa akili na heshima, na mwenye kuanguka ni mukubwa. Wazee wa Katanga watakumbuka pia kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, ambacho kilicheza kwa Kiswahili chetu, na mwaka 1986 kilithubutu kucheza mchezo juu ya utawala wenyewe. Ile njo kuchekesha. Na wale wanaopenda CD zinazovuka ziwa kutoka Kigoma wanamjua King Majuto, aliyefariki 2018: baba mwenye makelele ambaye unamcheka yeye, si watoto wake.

Lakini leo katika simu za vijana kuna michezo mingine. Inamcheka bibi asiyezaa. Inamcheka boyi kwa sababu hajui Kifaransa. Inamcheka Mumbote, ginsi anavyosema, ginsi anavyovaa, kama vile hayuko mutu. Hapa Katanika hatuwezi kuchukua ile kama mchezo. Tuliona mwaka 2016 na 2017 maneno ya dharau kati ya Bambote na Baluba yamefikisha wapi Tanganyika: vijiji vilichomwa, watu walikimbia, na wengi wao walikuja kulala hapa hapa, chini ya maturubai. Kabla ya mshale, kulikuwa na kicheko. Kicheko kinachomkanyaga mutu aliye chini kinazoeza masikio, na kesho mkono unafuata.

Hatuombi mutu afunge sale za video. Tunaomba mambo mawili tu.

La kwanza, wenye sale wachague. Wakati wa filimu kama ile, waache watu waseme baada ya kuangalia, na wamama wapewe neno mapema, wasingoje wanaume wachoke. Tulijifunza zaidi kwa yule mama wa ndagala kuliko kwa mikutano yetu mitatu iliyopita.

La pili ni kwetu wachimbaji. Mwenye nyumba mbili, Mungu atamhukumu, na bibi yake atamhukumu mapema zaidi. Lakini mtoto asilipe deni lile. Sheria ya familia inasema mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa, baba yake akimtambua mbele ya ofisa wa état civil wakati angali hai, anakuwa mrithi sawa na wale wa ndoa. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 hakulipishwi. Kwa hiyo ndugu, kabla ya kushuka tena ndani ya shimo, pitia ofisi ile. Ukiogopa bibi yako atajua, kumbuka atajua tu. Afadhali ajue ukiwa hai, ugombezwe, ulale inje siku mbili, urudi uombe radhi.

Sisi wa sendika tumekubaliana: tangu sasa, mwenye kuingia caisse yetu ataandika majina ya watoto wake wote. Wenzetu watatu wameandika tayari. Mmoja aliandika majina, akafuta, akaenda inje kuvuta sigara, akarudi kuandika tena. Hatukumcheka.