Tusihukumu Hadithi kwa Karatasi Yake

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba hadithi za kutisha zinazotolewa katika majarida ya bei nafuu hazistahili kuingia darasani. Rai hiyo yafaa ipimwe upya.

Mfano ni Howard Phillips Lovecraft, Mmarekani aliyezaliwa Providence mwaka wa 1890. Hadithi zake nyingi zilitoka katika Weird Tales, jarida la karatasi duni lililoanzishwa mwaka wa 1923. Alifariki kwa saratani mwaka wa 1937, akiwa fukara. Hata hivyo, August Derleth na Donald Wandrei, waliokuwa wakiandikiana naye barua, walianzisha shirika la uchapishaji mwaka wa 1939 ili kazi zake zisipotee. Mwaka wa 2005 zilichapishwa katika Library of America, mfululizo wa fasihi teule ya nchi hiyo.

Kwa mwanaisimu, jina Cthulhu, linalopatikana katika hadithi yake ya mwaka wa 1928, ni somo tosha. Alilibuni kwa makusudi ili kinywa cha binadamu kisiweze kulitamka sawasawa. Hofu yaanzia kwenye sauti.

Lakini tusimtakase. Chuki yake dhidi ya watu weusi na wahamiaji imo katika barua na hadithi zake. Mwaka wa 2015 waandalizi wa tuzo ya World Fantasy waliamua kuacha kuwatuza washindi sanamu ya kichwa chake.

Je, mwanafunzi atautambuaje ustadi huo, na sumu hiyo, iwapo kitabu kimefungiwa nje ya darasa? Walimu wenzangu, tusome kwanza, ndipo tuhukumu.