Tulisema "tumalizane" kabla bili haijaanza

Huu ni mwezi wa nne mpwa wangu yuko ndani, Kisauni, mguu wa kulia umetiwa vyuma. Kazi yake ni ushonaji, na cherehani yake ni ya kukanyaga.

Alikuwa abiria wa bodaboda kwenye barabara ya Malindi, gari dogo likawagonga kwa nyuma. Mwenye gari hakukimbia, nami namshukuru kwa hilo. Alimfikisha hospitali, akampa dadangu shilingi 5,000 akamwambia, "Mama, mambo ya polisi ni marefu, tumalizane kiungwana." Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuitikia. Hakuna aliyeandika hata namba ya gari.

Zile 5,000 hazikufika jioni. Eksirei, dawa, teksi. Ilipotajwa bei ya upasuaji ndipo tukakumbuka SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, lakini fundi wa mtaani hutakiwa atoe mchango wa mwaka mzima, usiopungua 3,600. Yeye alikuwa amejisajili tu, hajalipa. Bangili za dadangu zikauzwa, na kundi la ukoo la WhatsApp likachanga hadi watu wakaanza kutojibu.

Tena kuna gharama ambazo hazina risiti. Dadangu ameacha biashara ya mahamri ili amwuguze mwanawe. Kila siku ya kliniki ni tuktuk ya kukodi, maana mguu usiokunjika hauingii matatu. Na kijana wa miaka 24 anaogeshwa na mamake. Hilo halizungumzi, lakini siku hizi hataki wageni.

Kila mwaka NTSA hutuhesabia waliokufa barabarani, zaidi ya 4,000 nchini. Waliovunjika huandikwa mara moja, wakasahaulika wakiwa vitandani. Na sheria iko. Kila gari lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, yaani pesa ambazo mwenye gari ameshazilipa kwa ajili ya watu kama mpwa wangu. Dereva aliyemjeruhi mtu anatakiwa apige ripoti polisi ndani ya saa 24. Majeruhi naye ana miaka 3 ya kufungua kesi ya fidia.

Kwa hivyo tulipokubali tumalizane hatukumwonea huruma dereva. Tuliisamehe kampuni ya bima, ambayo hata jina lake hatulijui.

Sisi wapwani twapenda sulhu, na ni jambo jema mbuzi wa jirani akila mchicha. Mfupa uliovunjika haujulikani bei yake siku ya kwanza. Wengine huogopa polisi, wengine wamewachoka mabroka wanaozunguka wadi na fomu za mawakili, wakija kula nusu ya fidia. Siwalaumu. Lakini pale mapokezi tuliulizwa mara tatu ni nani atakayelipa. Lau mmoja angeuliza gari lilikuwa namba gani, na kukawa na askari wa trafiki wa kuandika OB hapo hapo hospitali, tusingekuwa hapa.

Juzi tulikwenda kituoni. Askari alikuwa mpole, akafungua kitabu, akauliza namba ya gari.

"Lilikuwa jeupe," dadangu akasema.