Ukinzani wa Muhogo Uthibitishwe Shambani

Mbegu mpya ya zao lolote la chakula huhukumiwa kwa swali moja: je, itamlisha mkulima? Kwa zao la muhogo jibu huchelewa, kwa kuwa chakula kimo ardhini na macho hayakioni. Mkulima wa Magamba, huko Mpanda katika Mkoa wa Katavi, aweza kulitazama shamba lake likiwa la kijani mwaka mzima, kisha siku ya kuchimba akakuta mizizi ina mabaka makavu ya rangi ya kahawia, haifai kupikwa wala kufanywa makopa. Huo ndio ugonjwa wa michirizi kahawia. Kwa sababu hiyo, aina ya muhogo haistahili kuitwa kinzani kwa ushahidi wa kituo cha utafiti peke yake. Yapasa ithibitishwe pia katika mashamba ya watu watakaoitegemea, na kwa muda ule ule ambao wao huuacha muhogo ardhini.

Kazi iliyofanyika Amani

Tanzania ina historia ndefu katika jambo hili. Ugonjwa wa batobato, ambao hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka Usambara. Michirizi kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani katika milima hiyo hiyo. Magonjwa yote mawili husababishwa na virusi, na huenezwa na inzi weupe. Lakini njia nyingine ya kuenea ni pingili ambazo mkulima hukata shambani mwake na kuzipanda tena, au kumgawia jirani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walianza kutafuta kinga kwa njia ya uzalishaji wa mbegu. Walikusanya aina za muhogo kutoka nchi mbalimbali, wakaona kwamba kinga yake haikutosha. Ndipo walipogeukia jamaa za muhogo, hasa Manihot glaziovii, yaani mti wa mpira uliopandwa kwa wingi wakati wa utawala wa Wajerumani, na ambao watu wa pwani huujua kwa kisamvu chake. Chotara wa kwanza alikuwa na kinga, lakini mizizi yake haikufaa kwa chakula. Iliwabidi wataalamu wamchanganye tena na muhogo wa kawaida, kizazi cha kwanza, cha pili na cha tatu, wakichagua kila mara miche iliyobaki na kinga huku ikirudisha mizizi ya kulika. Kazi hiyo iliendelezwa na D. L. Jennings katika miaka ya 1950.

Ugumu wake waweza kueleweka kwa hesabu. Mbegu za muhogo zitokanazo na ua moja huzaa miche isiyofanana, kwa hiyo hupandwa mbegu nyingi ili wapatikane wateule wachache. Kila mteule huongezwa kwa pingili. Tuseme shina moja hutoa pingili 10 kwa mwaka: mwaka wa pili hupatikana 100, wa tatu 1,000, na wa nne 10,000, kiasi cha kupanda hekta moja tu kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja.

Kinga ina mahali pake

Mbegu za Amani zilifika Nigeria, na kwa kupitia taasisi ya kimataifa iliyoko Ibadan zikazaa aina kama TMS 30572. Katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoangamiza mihogo nchini Uganda, aina hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizorudisha chakula mezani. Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa juu ya ugonjwa mmoja. Kuanzia mwaka 2004 michirizi kahawia ilionekana Uganda, katika nyanda za juu ambako haikutarajiwa. Aina ya TME 204, iliyosifiwa kwa kuihimili batobato, ikaharibika vibaya. Ni dhahiri basi kwamba hakuna kinga isiyokuwa na mipaka. Kila kinga ni ya ugonjwa fulani, mahali fulani, wakati fulani.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Wakulima wa kusini mwa Tanzania walikuwa na muhogo uitwao Namikonga, ukihesabiwa kuwa wa kienyeji. Uchunguzi wa vinasaba katika karne hii umeonyesha kwamba ndio huo huo Kaleso wa pwani ya Kenya, na kwamba ni chotara wa Amani mwenye nambari 46106/27. Kazi ya Amani ilikwisha zamani, lakini wakulima waliendelea kuupanda muhogo huo, na leo wataalamu wanautumia tena kuwa mzazi wa aina mpya. Mashamba ya wakulima yalitimiza kazi ya hifadhi bila mshahara wala sifa.

Yuko atakayesema kwamba shamba la mkulima si mahali pa sayansi: udongo hutofautiana, na kumbukumbu hazitunzwi. Hoja hiyo ina ukweli. Kituo hupanda aina kwa vitalu vilivyorudiwa, pamoja na mistari ya muhogo dhaifu ili ugonjwa usikosekane, nacho hutoa alama kuanzia 1 hadi 5. Kazi hiyo haina badala. Lakini majaribio mengi huchimbwa baada ya miezi 12, ilhali kwa kaya nyingi muhogo ni ghala la njaa, na huachwa ardhini hata miezi 18 au zaidi. Kasoro ambayo ni ndogo katika mwezi wa 12 yaweza kuwa hasara kubwa baadaye. Tena Katavi ina kiangazi kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba, ambacho mmea hauna budi kukivuka.

Wajibu wa shule

Hapa ndipo shule za sekondari zinapoweza kusaidia. Kwa ushauri wa afisa ugani, na kwa pingili safi kutoka chanzo kinachotambuliwa, shule ya kata kama Magamba yaweza kupanda aina mpya kando ya ile ipendwayo kijijini, kila moja katika vitalu vitatu. Wanafunzi wapime majani kila mwezi. Nusu ya mashina ichimbwe mwezi wa 12 na nusu mwezi wa 18. Mizizi ikatwe vipande, alama ziandikwe, na akina mama wa jirani wapike na kuonja. Daftari hilo lipelekwe kwa watafiti, hata kama matokeo hayapendezi. Uamuzi wa kuidhinisha aina utabaki kwa vyombo vya serikali, lakini utakuwa umetegemea ushahidi wa mahali mbegu itakapoliwa. Aina itakayoshindwa huko na ishindwe katika kitalu cha shule, kabla haijakabidhiwa kaya isiyo na ghala jingine.