Nomino Isiyo na Njeo: Teja na Haki ya Mpangaji

Katika mitaa ya Dar es Salaam neno teja limekwisha kuzoeleka kwa kumtaja mtu aliyetopea katika heroini. Hoja yetu ni kwamba neno hilo, kwa umbo lake tu, huchangia kumnyima makazi hata yule aliyekwisha kuacha.

Teja ni nomino, na nomino haina njeo. Kitenzi cha Kiswahili hupambanua baina ya anatumia, alitumia na ameacha. Nomino hii huyafumba yote matatu. Mwenye nyumba akinong’onezwa kuwa mpangaji wake ni teja, haulizi tena kama habari hiyo ni ya jana au ya leo.

Madhara yake si ya nadharia tu. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa tiba ya methadoni. Kwa kawaida dawa hiyo hunywewa kliniki kila siku, mbele ya mhudumu. Hivyo mgonjwa anayefukuzwa na kulazimika kuhamia mbali huenda akapoteza chumba na tiba kwa pamoja. Kupata chumba kingine nako si jambo jepesi, pale ambapo kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima hudaiwa kwa mkupuo.

Sheria yaweza kupambanua kile ambacho nomino haipambanui. Nchini Marekani, marekebisho ya mwaka 1988 ya sheria ya haki katika makazi yaliwakinga watu wenye ulemavu, yakimtoa katika kinga hiyo anayetumia dawa haramu kwa sasa. Aliyeacha na anayeendelea kupona anaweza kudai kinga hiyo. Yaani, haki yake imesimama juu ya njeo.

Yuko atakayesema kwamba mwenye nyumba ana sababu ya kuhofia mali yake. Hatumpingi. Lakini na ahukumu kitendo: kodi isiyolipwa, mlango uliovunjwa. Asihukumu jina.

Wapo wanaopendekeza mraibu. Neno hili lina staha zaidi, ingawa uraibu wa wazee wetu ulikuwa tambuu na tumbaku. Lakini nalo ni nomino, na kasoro ni ile ile. Ni maoni yetu kuwa wanaleksikografia na watunga sheria hawana budi kukirejelea kitenzi: anayetibiwa, aliyeacha. Mtu aliyeacha astahili lugha inayokiri kwamba ameacha, na mlango usiofungwa kwa ajili ya jina alilokwisha kulivua.