Amana ya mpangaji si mtaji wa wakala

Katika makala yako, suala la fedha za wapangaji umelipita haraka mno. Wakala wa nyumba anayetaka kukua hapa Kisumu, awe anasimamia ploti za Manyatta au maghorofa ya Milimani, atenge akaunti: kodi na amana za watu kando, ada yake kando. Akichanganya, mpangaji atahama na amana yake haipo, na sifa mbaya huvuka mpaka Kondele siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba naye apate hesabu mapema, kwani ushuru wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), asilimia 7.5 ya kodi za nyumba za kuishi, hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wenye nyumba, tafadhali, kabla ya kukabidhi funguo mwombeni wakala cheti chake cha usajili.